Strandbeest ndogo ya kuunganisha: miguu hodari, ubongo hamna

Theo Jansen, msanii wa Uholanzi, anaunda Strandbeest, sanamu zinazotembea kwa upepo, tangu 1990, kwa mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya za umeme. Vipimo 11 vya mguu alivipata kwa programu ya kompyuta iliyochuja maumbo ya miguu kizazi baada ya kizazi. Modeli ndogo ya kuunganisha inaiga mfumo huohuo, na uhondo wote uko hapo: unyayo ukigusa chini husogea karibu mlalo, kisha huinuka upesi, hivyo mwili haurukiruki.

Funga mguu mmoja, zungusha kranki (mhimili uliopinda unaosukuma miguu) kwa mkono, ndipo uongeze mwingine. Ikikwama palepale kila mzunguko, kuna kijiti kilichogeuzwa au kiungo ambacho hakijaingia hadi mwisho. Gundi ni marufuku. Mafuta mazito hukamata vumbi. Kwenye kioo nyayo huteleza.

Strandbeest kubwa za Jansen, baadhi yake, huhifadhi hewa iliyoshindiliwa ndani ya chupa na kuhisi maji kwa mrija ili zigeuke. Hii ndogo itaingia baharini bila wasiwasi. Kwa kujifunza mitambo, inunuliwe. Kwa akili ya mashine, hapana.