Sola ya nyumbani Dodoma: yenye betri au isiyo na betri?

Jua Dodoma lipo la kutosha. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine anga huwa wazi, na mwinuko wa takriban mita 1,100 hupunguza joto linalodhoofisha paneli. Kinachobaki ni kuchagua mfumo.

Usio na betri huunganishwa na umeme wa TANESCO. Bei yake ni nafuu, na unaifaa saluni au ofisi inayotumia umeme mchana. Lakini umeme wa gridi ukikatika, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) nayo hujizima hata jua likiwa la utosini, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe shoti. Mnunuzi anapaswa kuambiwa hili kabla hajalipa.

Wenye betri ni ghali zaidi. Ila familia nyingi hutumia umeme jioni: taa, televisheni, friji usiku kucha. Kwao nashauri betri, tena ya lithiamu, kwani ile ya maji ya asidi, chaji yake ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, hufa mapema. Vumbi la kiangazi lifutwe alfajiri, paneli zikiwa bado baridi.