Kliniki ninakochukulia dawa za HIV hapa Mombasa: foleni mbovu, maelezo ya kushiba

Jina la hospitali silitaji, nikilitaja ntakuwa nshawataja na wote wanaokaa kwenye yale mabenchi. Ni ya serikali, hapa hapa Mombasa, tuktuk yafika mpaka getini. Naandika kwa wale wanaoniuliza kama yafaa kuhamishia faili huku. Jibu fupi ni kwamba yafaa, ila uende na subira yako.

Wacha nianze na ubaya niumalize. Foleni. Zamani kliniki ilikuwa na mlango wake peke yake, sasa tangu Marekani wasimamishe misaada Januari 2025 mambo yakabadilika, wale madada waliokuwa wakikupigia simu ukikosa siku yako wengi walirudishwa nyumbani, na sisi tukaunganishwa na watu wa presha na sukari. Kuna walionuna, ati twachanganywa. Mie naona afadhali, maana ukikaa pale hakuna ajuaye umefuata dawa ya presha au umefuata njugu, yaani hizi zetu za HIV, ule mlango wa zamani wenyewe ulikuwa tangazo. Lakini watu wameongezeka na wahudumu wamepungua, ukifika saa tatu asubuhi basi adhana ya adhuhuri itakukuta papo hapo umekaa.

Halafu yule wa mafaili. Ana sauti, na haipunguzi. Kuna siku alimwita mama mmoja kwa majina yake yote matatu na kuongezea "wa dawa za miezi mitatu!" Yule mama alikwenda dirishani polepole akamwambia, mwanangu, kuna sheria ya 2006, waijua? Kijana kimya. Na ni kweli, sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006 yakataza mtu kutangaza hali ya mwenzake bila ruhusa, na kuna mahakama maalum ya kupeleka malalamiko kama hayo. Siku hizi anaita kwa nambari.

Sasa uzuri. Dawa yenyewe ni ile ile utakayopewa kwengine, TLD, kidonge kimoja ndani yake mna tatu, tenofovir, lamivudini na dolutegravir, wameza mara moja kwa siku na hulipi kitu. Kwa hivyo kwangu mimi kliniki naipima kwa namna wanavyokueleza hicho kidonge, na hapo hawa jamaa wako mbali sana na kule nilikotoka.

Kule nilikotoka niliwekwa kwenye ile yenye efavirenz, ya kumezwa usiku kwa sababu ya kizunguzungu, na ndoto zake wallahi ni sinema mpaka alfajiri. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ndoto zile ni za dawa, mie nikawa nadhani nimerogwa, mama akawa ananifukizia ubani. Dolutegravir ilipoingia nikaona wanaume wanabadilishiwa sisi twaachwa na hatuambiwi kwa nini. Hapa ndipo nilipokuja kuelezwa, tena na mtu wa famasi, wima, foleni nyuma yangu yanung'unika: mwaka 2018 kulitoka habari za utafiti wa Botswana zilizotia hofu kwamba dawa hiyo yaweza kudhuru uti wa mgongo wa mtoto akiwa tumboni, wakaogopa kuwapa wanawake wa umri wa kuzaa, halafu takwimu zilipoongezeka hofu ikapungua na 2019 Shirika la Afya Duniani likasema wapewe wote hata wenye mimba. Dakika mbili tu alitumia kunielezea kitu nilichokibeba miaka.

Huyo huyo wa famasi hakupi chupa kabla hajakuuliza, "dadangu, kuna kingine unachomeza?" Mwanzo nilidhani ni mbea. Kumbe Ramadhani ndiyo ilikuwa mada. Kufunga hakuna shida, dawa ni mara moja kwa siku, chagua futari au daku ushike hiyo hiyo. Shida ni kiungulia. Sisi na bhajia na viazi karai na kachori, saa mbili usiku kifua chawaka moto, mtu achukua ile dawa nyeupe ya maji ya kiungulia, kijiko kimoja, viwili, na ile mara nyingi ina magnesiamu na aluminiamu ambazo zaishika dolutegravir tumboni isiingie vizuri mwilini. Kidonge chako kimeze masaa mawili kabla ya hiyo nyeupe au masaa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito na vile vya kalsiamu navyo ni hivyo hivyo, isipokuwa ukivimeza pamoja na chakula, hapo waweza kuvichanganya na dawa yako. Mwenye sukari anayetumia metformin lazima aseme, kwa sababu dolutegravir huipandisha kwenye damu na huwa wanampunguzia. Na anayetibiwa TB kwa rifampisini apewa dolutegravir mara mbili kwa siku. Yote haya dirishani, kwa Kiswahili cha mtaani.

Chumba cha ushauri nacho kina sista mtu mzima, anaita kila mtu mwanangu au baba. Nilikwenda na mume wangu, yeye hana virusi, na karatasi yangu ya vairo lodi, kile kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, imeandikwa LDL. Sista akamwonyesha kwa kalamu, akamwambia maana yake virusi vimekuwa vichache hata mashine ya maabara haivioni, lakini vimejificha mwilini, akiacha dawa vitarudi ndani ya wiki kadhaa tu. Na mtu akimeza dawa vizuri akabaki chini ya nakala 200 za virusi kwa mililita moja ya damu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mume wangu si mtu wa kuamini upesi, akauliza, "Hamwambukizi, au hamwambukizi sana?" Sista akavua miwani: "Baba, ha-mwa-mbu-ki-zi." Halafu akaongeza kuwa kisonono na kaswende hazijui LDL, kwa hivyo kama kuna mambo ya nje kondomu ibaki. Mume wangu akaangalia dari. Kwa mama anayenyonyesha alisema hatari hushuka sana ila haihesabiwi kuwa haipo kabisa, ndiyo maana mtoto naye apewa dawa yake ya kukinga na apimwa mara kadhaa.

Kitu chengine nilichompendea, hadharau mambo ya watu. Kuna dada aliuliza kuhusu kombe, zile aya za kuoshwa maji yake yakanywewa, kuwa shekhe amemwandikia kwa zaafarani. Kule nilikotoka angekaripiwa. Sista akamwambia, "Kombe kunywa mwanangu, na kidonge meza, kimoja hakimfukuzi mwenzake."

Ambacho hawanifurahishi ni uzito. Tangu nihamie TLD nimenenepa, magauni yangu ya Idi yote yakataa, na hilo lajulikana kabisa kwamba baadhi ya watu huongezeka kwa hii dawa. Wanapima kilo, wanaandika, wanakwambia punguza chapati. Basi. Ningependa mtu akae nami aniambie la maana. Usingizi pia ulinipotea mwanzoni, hilo walilitatua haraka, wakanihamishia asubuhi na sasa nalala. Majibu ya vairo lodi nayo hukawia, sampuli huenda maabara kubwa, uwe unafuatilia mwenyewe.

Na chupa! Ukipewa ile kubwa ya vidonge 90 yacheza mkobani kama kayamba, matatu nzima yageuka. Wengine huvimwaga kwenye bahasha ya kaki, famasi walinikataza, kwa unyevu huu wetu wa pwani vyaharibika, na kile kipakiti kidogo kilichomo ndani kisitolewe maana ndicho kinachonyonya maji. Mie naizungushia leso.

Ukitaka kuhamia, usitoroke huko ulipo, omba barua ya uhamisho iwe na tarehe ulizoanza dawa na majibu yako ya mwisho, bila hiyo watakuanza moja. Ukishatulia na LDL yako waulize habari ya kupewa za miezi mingi kwa mara moja, mimi napewa za miezi sita na hiyo peke yake yanifanya niisamehe ile foleni. Jumatatu usiende kabisa. Nyota nne, ya tano naiweka mpaka watie feni pale kwenye mabenchi.