Rivolva za zamani kwa mwenye leseni Dar: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wanaotafuta rivolva ya zamani, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, huanza na sura: mtutu mrefu, mpini wa mbao iliyong'aa, jina la Colt ubavuni. Leseni inatoka, bastola inafika nyumbani Upanga au Mbezi, kisha mtu anaanza kuzunguka mji mzima akiulizia risasi ambazo hakuna muuzaji anayeziweka. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa risasi, halafu fundi, halafu chumvi ya bahari. Sura nimeiweka mwisho kabisa, na najua kuna watakaonuna.

Sheria niiseme kwa kifupi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, safari inaanzia polisi, dukani baadaye. Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujajua kama utaruhusiwa kuimiliki. Bastola ya marehemu babu usiiache kabatini ukingoja mirathi iishe. Toa taarifa mapema. Na anayekuuzia pembeni bila karatasi, muache aende zake hata akishusha bei hadi ya bure.

Nafasi ya kwanza naipa Smith & Wesson Model 10, bila kusita. Ilianza mwaka 1899 ikiitwa Military & Police, ikapewa namba 10 mwaka 1957, na zimetengenezwa takriban milioni 6. Wingi huo ndio faida yako: vipuri vipo duniani, na fundi yeyote wa bastola aliyefundishwa vizuri anaijua. Inakula .38 Special, risasi ambayo viwanda vingi bado vinaitengeneza. Haipigi teke kali, na shabaha yake ni nzuri kuliko ya wengi wanaoishika. Ukibahatika kupata ndugu yake, Model 64, ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, chukua hiyo. Kwa mkazi wa Msasani au Kigamboni, anayelala na upepo wa bahari, tofauti ya hizo mbili ataiona masika ya kwanza tu.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna mtego. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiwanda hichohicho kilitengeneza toleo la kijeshi liitwalo Victory, lenye herufi V mbele ya namba yake. Zilizopelekwa kwa Waingereza na majeshi ya Jumuiya ya Madola zilikuwa za .38 S&W, ambayo Waingereza waliiita .38/200. Majina yanafanana, risasi ni mbili tofauti: .38 S&W ni fupi na nene zaidi. Baada ya vita wafanyabiashara walizichimba chemba za nyingi, yaani matundu ya silinda yanayokaa risasi, ziwe ndefu ili .38 Special iingie. Inaingia kweli, lakini inakaa kwenye tundu pana, na ganda linatoka limevimba au limepasuka ubavuni. Mwambie muuzaji akuonyeshe maganda yaliyopigwa na bastola hiyohiyo. Akisema hana, soma maandishi ya kwenye mtutu na angalia kwa makini kuta za chemba. Jingine: Victory za awali zilikuwa na kizuizi cha nyundo, kipande kinachozuia bastola isifyatuke ikianguka, kisichoaminika. Kilibadilishwa mwishoni mwa vita baada ya bastola kuanguka melini, ikafyatuka na kumuua baharia. Zilizopata kizuizi kipya zinaanza na SV. Yenye V peke yake, ione kama kumbukumbu.

Nafasi ya pili ni Ruger Security-Six, iliyotengenezwa kuanzia 1972 hadi 1988. Wakusanyaji wanaojisikia huidharau kwa kuwa haina ukoo mrefu. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo: hutalipia jina. Ni ya .357 Magnum, risasi yenye unene uleule wa .38 Special ila ndefu zaidi, kwa hiyo .38 Special nayo inaipiga. Haina bamba la ubavuni, na unaifungua yote kwa usafi karibu bila vifaa. Ukipiga .38 nyingi ndani ya chemba za .357, pete ya masizi na madini ya risasi hujijenga mbele ya ganda. Isugue kwa brashi ya shaba kabla hujaingiza .357, la sivyo zitakwama.

Ya tatu ni Smith & Wesson Model 60 ya mwaka 1965, ndogo, ya risasi tano, rivolva ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa chuma kisichoshika kutu. Ni nzuri kuibeba, ila uwanjani inachosha mkono.

Ya nne ni Webley na Enfield, na hapa moyo wangu na kichwa changu havikubaliani. Webley Mk VI ya 1915 inafunguka kwa kuvunjika katikati na kutema maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Hakuna sauti tamu kama hiyo. Lakini inakula .455, risasi adimu, na hapo habari inaishia kwa wengi wetu. Webley Mk IV na Enfield No. 2, iliyoingia jeshini mwaka 1932, zinakula .38/200, ambayo nayo ni ya kuagizwa kwa subira. Enfield yenye alama ya Mk I** (nyota mbili) iliondolewa kizuizi cha nyundo ili kuharakisha kazi za vita, usiipakie risasi. Nunua Webley kama una risasi mkononi tayari au kama huna mpango wa kuipiga kabisa.

Colt Python ya 1955 nimeiweka ya tano. Ndiyo, ya tano. Umaliziaji wake hauna mpinzani na bei yake inalijua hilo. Mitambo ya ndani ya zile za zamani hurekebishwa na watu wachache mno, na muda wa silinda ukianza kupotea, yaani chemba isijipange sawasawa na mtutu kwa wakati wake, utaisafirisha bastola mbali, na kila mpaka utataka karatasi zake.

Nagant ya Kirusi ya 1895 inashika mkia. Silinda yake ya risasi saba husogea mbele kuziba gesi, jambo la ajabu la kumwonyesha mgeni, lakini kifyatulio ni kigumu kama lango la gereji, na maganda yanatolewa moja moja. Risasi zake za zamani za kijeshi mara nyingi huacha chumvi mtutuni. Mafuta hayaitoi chumvi hiyo. Maji ya moto ndiyo yanayoitoa, kisha unakausha na kupaka mafuta.

Ukishachagua, ikague ikiwa tupu, na umehakikisha mwenyewe. Vuta nyundo nyuma polepole kwa kila chemba: silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Nyundo ikiwa nyuma, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, rudisha bastola kwa mwenyewe. Angalia vichwa vya skrubu. Vilivyochubuka vinakuambia kuna mtu aliingia ndani na bisibisi ya redio.

Nyumbani, kosa kubwa la Dar ni kuihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu na dawa zake, na chuma huota kutu upande usiouona. Iweke wazi ndani ya sefu yenye vipakiti vya kunyonya unyevu, uvibadilishe au uvikaushe mara kwa mara kuanzia Machi hadi Mei. Mafuta ya cherehani yanafaa, matone machache tu. Yakizidi hukusanya vumbi na kuganda. Ukiitoa kwenye chumba cha kiyoyozi ukaipeleka nje, itatoa jasho, kwa hiyo ifute ukirudi hata kama hukupiga risasi hata moja. Na chini ya nyota inayotoa maganda safisha kila mara: chembe chache za baruti hapo zinatosha kuizuia silinda isifunge.