Santuri ya Mviringo Ambayo Marekani Iliipita: Tathmini ya Ogdens' Nut Gone Flake ya Small Faces

Jalada la santuri hii halina pembe hata moja. Limekatwa mviringo na kuchorwa mfano wa kopo la tumbaku ya kiko, na ukilifungua linajikunjua duara baada ya duara, yote yameshikana kwa viungo vyembamba vya karatasi, mpaka meza inajaa. Nakala yangu ni toleo la upya, nililoagiza kwa muuzaji ambaye ni dhahiri hakujua namna ya kufunga kitu cha umbo hili, kwani lilinifikia likiwa limechanika kwenye kiungo kimojawapo, na tangu siku hiyo nalifungua kwa mikono miwili kama aliyebeba mayai. Hata wenye maduka wa mwaka 1968 walisumbuka, maana majalada hayo yalikuwa yakibingirika na kuanguka rafuni, na haukupita muda mrefu kabla ya jalada la kawaida la mraba kuchukua nafasi yake.

Nchini Uingereza albamu hii ilitoka mwezi Mei 1968 na kushika nafasi ya kwanza kwa wiki sita. Marekani iliishia nafasi ya 159. Nimeisikiliza kwa miezi kadhaa nikiwa na swali hilo kichwani: je, kuna kitu ndani ya muziki wenyewe kilichowashinda Wamarekani, au tatizo lilikuwa pengine?

Small Faces walikuwa vijana wanne wa mod, yaani wale waliopenda suti zilizokatwa vizuri, nywele zilizochongwa na muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Steve Marriott, mwimbaji na mpiga gitaa, alikuwa akifanya kazi katika duka la vyombo vya muziki mashariki mwa London pale Ronnie Lane alipoingia kununua gitaa la besi. Urafiki wao ulianzia hapo. Kenney Jones alipiga ngoma, na Ian McLagan alishika kinanda baada ya Jimmy Winston kuondoka mwaka 1965. Sauti ya Marriott ni ya kushangaza kwa mtu mwenye umbo dogo kiasi kile: inakwaruza, inapaa, na haipotezi noti.

Upande wa kwanza ndio ninaourudia zaidi. Unafunguliwa na kibao kisichoimbwa, ambacho kwa kweli ni wimbo wao wa zamani uliokosa wanunuzi mwaka 1965, sasa ukiwa umevikwa nguo mpya. Kisha inakuja "Afterglow", ambayo kwangu ndiyo kilele cha santuri nzima: inaanza kwa utulivu wa karibu kunong'ona, halafu ngoma za Jones zinaingia na Marriott anaachia koo lote. Kijana huyo hakuwa mwigaji wa soul, alikuwa ameimeza. Upande huo unafungwa na "Lazy Sunday", malalamiko ya kuchekesha kuhusu majirani wasiopenda kelele, yaliyoimbwa kwa lafudhi nzito ya mitaa ya mashariki mwa London, na mwishoni unasikia ndege na kengele za kanisa. Kampuni yao ya santuri iliutoa peke yake bila ridhaa ya kundi, ukafika nafasi ya pili Uingereza.

Upande wa pili ni ngano. Kijana aitwaye Happiness Stan anaona nusu ya mwezi imetoweka, naye anaanza safari ya kuitafuta, huku msimulizi Stanley Unwin, mchekeshaji aliyejulikana kwa kuvunjavunja maneno ya Kiingereza na kuyaunga upya, akituongoza kati ya wimbo na wimbo. Aliyekulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!" atautambua mwendo wake mara moja, hata kama maneno yenyewe yatampita. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nilianza kutamani msimulizi apunguze maneno, hasa kwa kuwa "Song of a Baker" ya upande wa kwanza inaonyesha kundi hili lilivyoweza kuunguruma lilipoachwa lipige tu.

Maelezo yanayorudiwa sana kuhusu kushindwa huko Marekani ni kwamba albamu hii ni ya Kilondoni mno. Yana ukweli kidogo: mtu wa Tanga anaposikia Sheng ya Nairobi kwa mara ya kwanza hucheka kwa adabu huku nusu imempita. Lakini lafudhi haikuuzuia wimbo wao "Itchycoo Park" kufika nafasi ya 16 Marekani mwanzoni mwa 1968, miezi michache tu kabla ya albamu hii. Mlango ulikuwa wazi, ila hapakuwa na mtu wa kuingia. Katika miaka yote ya sitini Small Faces hawakufanya ziara hata moja Marekani, wakati The Who, wenzao wa mod, walipanda jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, mwezi Juni 1967 na kuendelea kuzunguka nchi ile mji kwa mji.

Sababu za kutokwenda hazina ushairi wowote. Meneja wao wa kwanza, Don Arden, aliwalipa paundi 20 kwa wiki na kuwafungulia akaunti kwenye maduka ya nguo, huku akiwazungusha kumbi za Uingereza bila kupumzika. Nyimbo zao zilitolewa Marekani na Press, kisha RCA Victor, kisha Immediate, lebo tatu ndani ya miaka mitatu, na hakuna iliyokaa nao muda wa kutosha kuwajenga. McLagan alipokamatwa na bangi mwaka 1967, suala la viza nalo likawa gumu. Hayo ni mambo ya ofisini, na mimi nayapa uzito mkubwa kuliko lafudhi.

Ushahidi wangu ni yaliyofuata. Marriott aliondoka jukwaani usiku wa mwisho wa 1968, akaunda Humble Pie pamoja na Peter Frampton, wakaizunguka Marekani hadi albamu yao iliyorekodiwa moja kwa moja ukumbini Fillmore mwaka 1971 ikawapa jina huko. Watatu waliobaki waliwachukua Rod Stewart na Ronnie Wood, wakawa Faces, nao wakajaza kumbi za Marekani. Kichekesho ni kwamba albamu ya kwanza ya kundi hilo jipya, mwaka 1970, iliuzwa Marekani kwa jina la Small Faces, jina ambalo wenyewe walikuwa wameliacha.

Kwa anayetaka kununua: sauti ya toleo nililonalo ni nzuri, besi ya Lane inasikika wazi, na kelele za sindano ni chache. Ukipata lenye jalada la mviringo kwa bei isiyopita kiasi, lichukue, lakini mwombe muuzaji aweke kadibodi ngumu pande zote mbili. Na tafuta pia wimbo wao "Tin Soldier" wa 1967, ambao haumo humu, kwa ajili ya P.P. Arnold, Mmarekani mwenye sauti ya soul, anayeitikia nyuma ya Marriott. Huko kwao wimbo huo ulikomea nafasi ya 73.