WhatsApp, X na Ushahidi: zana ipi inafaa kazi ya mwananchi wa wadi?

Anayefuatilia mambo ya wadi yake nchini Kenya anafanya kazi kwa kalenda asiyoipanga yeye. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka bunge hilo liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Maana yake ni kwamba mtaro uliofurika wakati wa vuli, mwezi Novemba, utasemewa Machi au Aprili mbele ya watu ambao hawakuuona ukifurika, na msemaji atatakiwa awe na tarehe, mahali, picha na hesabu ya nyumba zilizoingiwa na maji. Kwa kipimo hicho, yaani uwezo wa kutunza jambo kwa miezi sita na kulitoa likiwa zima, ndivyo ninavyozitathmini zana tatu: WhatsApp, X (iliyoitwa Twitter zamani), na Ushahidi, jukwaa la kukusanya ripoti za wananchi na kuziweka kwenye ramani, lililobuniwa hapa hapa Kenya na ambalo ni la wazi, yaani programu yake haimilikiwi na kampuni moja bali yeyote anaweza kuichukua.

Ninaanza na WhatsApp kwa sababu ndiko watu waliko. Kundi moja linaweza kuwa na watu hadi 1,024, idadi inayotosha mtaa mzima. Bando lake ni la bei ndogo kuliko bando la intaneti yote. Na mzee asiyependa kuandika anaweza kurekodi sauti yake akasikika. Kwa kuitana kwenye mkutano wa jioni hiyo hiyo, sijaona kinachoishinda. Hata hivyo, tazama safari ya lalamiko moja ndani ya kundi la namna hiyo. Saa moja asubuhi mama mmoja anatuma picha ya mtaro, maji yamefika kwenye kizingiti cha darasa la chekechea. Watu watatu wanajibu kwa pole, mwingine anasema mwakilishi wadi aarifiwe. Saa mbili inaingia taarifa ya msiba na, kama inavyostahili, kila mtu anatoa rambirambi. Zinafuata habari za matanga, kisha matokeo ya mpira, kisha tangazo la mtu anayeuza mbaazi na mahamri. Kufikia adhuhuri picha ya mtaro imezama, na hakuna hata mmoja aliyekosea, kwa sababu kundi hilo ni baraza na barazani mazungumzo ndivyo yalivyo. Ugumu unakuja Aprili, katibu wa kamati ya wakazi anapolazimika kupekua maelfu ya ujumbe, huku mwenye picha akiwa amekwisha kuifuta ili apate nafasi kwenye simu.

X ina nguvu za aina nyingine, na atakayezipuuza atakuwa amesahau mwaka 2024. Wakati wa kupinga Muswada wa Fedha, vijana waliufafanua kipengele kwa kipengele katika vikao vya sauti vya X vilivyoendelea hadi usiku wa manane. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, damu ikamwagika, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada huo. Hakuna jukwaa la wazi ambalo lingewakusanya watu wengi kiasi hicho kwa muda mfupi namna ile. Jambo linalonisumbua ni hatima ya maelezo yale mazuri ya vipengele vya kodi. Leo yametawanyika katika akaunti mbalimbali, mengine yamefutwa, na asiye na akaunti ya X hawezi hata kuyatafuta. Mwaka 2023 kampuni iliondoa njia ya bure ambayo watafiti na watengenezaji programu waliitumia kuchota data, na alama ya uthibitisho ikawa kitu cha kununuliwa, kiasi kwamba anayelipa husikika kabla ya asiyelipa. Kampuni ya Meta nayo ilifunga CrowdTangle tarehe 14 Agosti 2024, zana iliyowasaidia waandishi wa habari kufuatilia jinsi habari zinavyosambaa Facebook. Milango hii ilifungwa na wenye nyumba; mwananchi hakuulizwa.

Sasa Ushahidi. Jukwaa hili lilianzishwa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh alitoa wazo la kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani, na wenzake, wakiwemo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, wakalitekeleza kwa siku chache tu. Tangu hapo limetumika katika tetemeko la ardhi la Haiti la 2010 na katika kufuatilia chaguzi za Kenya kupitia mradi wa Uchaguzi. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi: yeyote anaweza kuupakua, kuusoma, kuurekebisha na kuuweka kwenye seva yake, ile kompyuta inayoliendesha jukwaa mtandaoni.

Lirudishe lile lalamiko la mtaro katika mfumo huu. Kamati hutayarisha fomu yake yenyewe, kwa Kiswahili ikipenda, yenye sehemu za aina ya tatizo, tarehe, picha, mahali kwenye ramani na idadi ya nyumba zilizoathirika. Ripoti ikiingia haionekani hadharani moja kwa moja. Kamati inaweza kuiacha ikisubiri hadi mtu mmoja ahakikishe, pengine kwa kupiga simu au kwenda kuangalia kwa macho yake. Ikishakubaliwa inakaa kwenye ramani pamoja na nyingine. Mwezi Aprili katibu anachuja ripoti za mitaro za Oktoba hadi Desemba, anazitoa zote katika jedwali, anazichapisha kwenye karatasi na kuingia nazo kwenye kikao cha maoni ya umma. Aliye na kabambe, simu ya kawaida ya vitufe, hajaachwa nje pia, kwa kuwa jukwaa linaweza kupokea ripoti kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Na pale ambapo kichochoro hakimo kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, wakazi wenyewe wanaweza kukichora, kama walivyofanya mtaani Kibera, Nairobi, vijana wa mradi wa Map Kibera kuanzia 2009.

Kasoro zake ni za kweli, na ya kwanza ni bando. Mkazi aliyenunua bando la WhatsApp peke yake hawezi kuifungua ramani, na sioni haki ya kumlaumu mtu anayehesabu shilingi za siku. Ya pili ni kazi ya mikono: bila watu wawili au watatu wa kuaminika wa kuhakiki ripoti kila wiki, ramani inakufa, na ramani iliyokufa inawavunja watu moyo. Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Alama kwenye ramani inaweza kuonyesha nyumba ya aliyeripoti, na kama lalamiko linamhusu mtu mwenye nguvu aliyejenga juu ya njia ya maji, hilo ni hatari. Ushahidi lina mpangilio wa kuficha jina la mtoa ripoti na mahali hasa. Ningetaka kila kamati iuwashe kabla ya kupokea ripoti ya kwanza.

Kuna wanaodhani kwamba jukwaa la wazi haliwezi kuzimwa. Ni kweli kwamba majukwaa ya kampuni za nje huzimwa na serikali: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na X ikafungwa Tanzania Mei 2025. Lakini majukwaa ya nyumbani nayo hayana kinga, kwani JamiiForums, jukwaa la mijadala la Tanzania, ililazimika kusimama Juni 2018 kutokana na kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Seva ndogo iliyo karibu na mkono wa dola, isiyo na mawakili wa kuitetea, ni rahisi kuibana. Faida ya msimbo wazi iko kwenye nakala: aliyehifadhi ripoti zake na programu yenyewe anaweza kuzisimamisha upya kwenye seva nyingine.

Kwa hiyo kundi la WhatsApp ningelibakiza kama lilivyo, nikimteua mtu mmoja kuhamisha kila lalamiko kwenye fomu siku hiyo hiyo na kurudisha kiungo cha ripoti kundini ili mwenye lalamiko aone limeandikwa. X ningeitumia wiki mbili za kuelekea kikao cha bajeti, pale kelele inapohitajika. Gharama ya ujumbe mfupi unaoingia Ushahidi isimwangukie mwananchi anayeripoti mtaro. Kaunti inayotaka maoni ya umma kwa dhati ingenunua nambari ya bure na kuiandika kwenye mbao za matangazo za kila ofisi ya wadi.