Ruta ya kununua Mwanza: achana na antena, geuza uone porti

Wapiga picha wa harusi wa Igoma na Nyakato mmenijazia malalamiko, na mna haki. Mnanunua ruta mpya, mnahamisha video za send-off toka kompyuta moja kwenda nyingine, kasi ni ile ile ya konokono, kisha mnalaumu kifurushi. Kifurushi hakihusiki. Faili halijatoka hata nje ya mlango.

Shida iko kwenye porti za waya, yale matundu ya kuchomekea waya nyuma ya ruta. Boksi limeandikwa AC1200 kwa herufi kubwa, hiyo ni kasi ya Wi-Fi, lakini porti ni za megabiti 100, yaani megabaiti 12 kwa sekunde ukibahatika. GB 50 za harusi zinakula saa nzima na zaidi. Kwa porti za gigabiti, yaani megabiti 1,000, ni dakika nane hivi, mradi diski isiwe imechoka.

Namba moja ni TP-Link Archer C6, na sifichi kwamba naipendelea: porti zote tano ni gigabiti, na asiye fundi anaiwasha mwenyewe. Ila kuwa macho na ndugu yake Archer C50. Nayo ni AC1200, lakini porti zake ni 10/100, yaani zinaishia megabiti 100, na ukiziona rafuni utadhani pacha. Ya pili ni MikroTik hAP ac², kwa ofisi yenye mtu wa IT, maana mipangilio yake itakutoa jasho. Tatu, Mercusys AC12G. Hiyo G ya mwisho isipokuwepo, rudisha. TL-WR840N na wenzake wa bei chee wanatosha WhatsApp.

Waya nao uutazame. Gigabiti inataka nyuzi zote nane. Kuna mafundi wanabana nne tu, za chungwa na kijani, za bluu na kahawia wanakata. Taa inawaka vizuri, kasi inagota 100. Mulika kile kichwa cheupe cha mwisho wa waya kwa tochi ya simu kabla hujamlipa.

Sasa wauzaji wetu wa katikati ya mji! Unaomba kusoma ubavu wa boksi, unajibiwa, "Dada, antena nne hizo, inavuta mpaka Ukerewe." Bei haijabandikwa popote, anakuangalia viatu kwanza ndipo anataja, na ukishtuka anasingizia nauli ya mzigo kutoka Dar. Kitu kinaingia kwenye mkoba wangu wa kanisani, nauli gani hiyo?