Mwongozo wa Siku Njema: maswali ni mazuri, ukurasa wa taashira umeniudhi

Mwongozo huu niliununua Usita wa Mui hapa Lamu, shilingi 350, kwa ajili ya binti yangu wa Kidato cha Tatu. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwaambia wasome Siku Njema ya Ken Walibora wakati wa likizo, kitabu cha ziada, wazoee kujibu maswali ya riwaya kabla hawajafika kwenye Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa KCSE. Mchapishaji wa mwongozo simtaji, maana miongozo mingine niliyoifungua pale dukani ina kasoro hiyo hiyo.

Kwanza niupe haki yake. Maswali ya dondoo, yale yanayonukuu maneno ya riwaya na kumtaka mtoto ayaeleze, yametungwa na mtu anayejua kusahihisha. Zile alama nne za muktadha, yaani nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa sababu gani, binti yangu alikuwa akizipoteza kila mara. Baada ya wiki mbili za mazoezi haya hazimponyoki tena. Muhtasari wa sura nao umeandikwa kwa Kiswahili safi.

Sasa taashira, yaani kitu kinachotajwa kusimamia maana nyingine. Sura nzima ya taashira ni ukurasa mmoja wenye jedwali: safari ni maisha, usiku ni shida, asubuhi ni matumaini. Basi. Hakuna hata mstari mmoja unaoonyesha ni wapi kwenye riwaya jambo hilo linatokea. Nilimkuta binti yangu barazani amefumba macho anakariri.

"Mwanangu, kwa nini safari ni maisha?"

"Ndivyo kilivyoandika kitabu, mama."

Nililiona hilo ni hasara kubwa kuliko zile shilingi. Mtoto ameletewa riwaya ya kijana anayetoka Tanga, mamake ameshafariki, anakwenda hadi Kitale kumtafuta baba, na yeye ameambulia neno moja la kujaza nafasi.

Mama yangu alikuwa ndani akipepeta mchele. Akamwita mjukuu wake, akamwonyesha zidaka za ukutani, zile tunazowekea vikombe vya Idi. Akamweleza kuwa ndani ya Inkishafi, ule utenzi wa kale, mtunzi wake Sayyid Abdalla anazitazama nyumba za wakubwa wa mji wa Pate, na katika zidaka zilizokuwa zikipangwa sahani sasa wamelala makinda ya nyuni.

Binti akanyamaza kidogo. "Kwani hasemi kama wenyewe walikufa?"

"Hapo amekuonyesha ndege tu, mjukuu wangu. Wewe jiulize sahani zimekwenda wapi."

Siku ile ile aliirudia riwaya kuanzia ukurasa wa kwanza, penseli mkononi. Alichoanza nacho si safari, ni jina. Mhusika mkuu anaitwa Kongowea Mswahili, na mwongozo haukusema lolote juu ya hilo. Mtoto wa pwani hahitaji kuambiwa kuwa Kongowea ni jina la kale la Mombasa, na soko la Kongowea amelisikia tangu anyonyeshwe. Sasa mtu aliyebeba jina la mji wa pwani anakwenda kutafuta asili yake bara, Kitale! Binti yangu aliandika pembeni: "Jina linasema kwao ni huku, miguu inampeleka kule." Nilisoma maneno hayo mara tatu. Kisha akashika lakabu ya Kongowea, Msanifu Kombo, sifa na dosari zimefungwa pamoja, akauliza kama mtu anaweza kukubali moja akaikataa nyingine. Nilimwambia asiniulize mimi, aendelee kusoma. Hata lile neno asubuhi, ambalo jedwali limelipa maana moja, alilirudisha kwenye methali yenyewe, siku njema huonekana asubuhi, akasema asubuhi ya Kongowea ilikuwa mbaya, basi Walibora anaijibu methali, haikariri. Sijui mtahini atampa alama ngapi kwa hilo. Mimi ningempa zote.

(Walibora alikuwa mtu wa bara, na mama yangu hakuamini mpaka nilipomsomea kurasa mbili. Mungu amrehemu, alitutoka Aprili 2020.)

Kwa hiyo, je, ununue? Kwa mtoto anayeshindwa na maswali ya dondoo, ndiyo, na kwa bei hiyo hutajuta. Karatasi ya Tatu ina alama 80, na mazoezi haya yatamwongezea. Lakini mnunulie baada ya kumaliza riwaya yenyewe, kamwe si kabla. Ule ukurasa wa jedwali sisi tumeubandika karatasi nyeupe juu yake, na binti yangu anajaza taashira zake mwenyewe, kila moja na nambari ya ukurasa alikoiona. Mpaka jana usiku zilikuwa kumi na moja.

Nyota tatu kati ya tano.